Kikombe Kinachoshinda Bei ya Gari

Swali la msomaji: "Nafanya kazi za nyumbani kwa bibi mmoja mtu mzima hapa Paris. Kabati la sebuleni kwake limejaa vikombe na sahani za bluu zenye dhahabu, na chini yake kuna herufi mbili za L zilizopishana. Ameniambia nivioshe kwa mkono, kimoja kimoja, na juzi akasema kipo kikombe humo kinachoshinda bei ya gari. Kikombe! Mimi ni mtu wa Lamu, sahani za Kichina nimezikuta ukutani tangu nazaliwa. Hawa Wafaransa walifanya nini cha ajabu? Na nitajuaje kama vya bibi ni vya kweli?"

Dada yangu, walichofanya cha ajabu ni kutengeneza kauri bila ya kuwa na udongo wa kauri. Hayo mengine yote, dhahabu, wafalme na bei za wazimu, yanaanzia hapo.

Kauri ya Kichina ina vitu viwili. Kuna udongo mweupe uitwao kaolini, na kuna jiwe jeupe linalosagwa likachanganywa nao. Mchanganyiko huo ukiingia kwenye tanuri la nyuzi 1,300 na zaidi, jiwe huyeyuka likawa kioo, na udongo hubaki kama mifupa inayokishika kile kioo kisianguke. Ndiyo maana bakuli la Kichina ni jeupe hadi ndani, ukiliinua dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, na ukiligonga kwa ukucha linalia. Ulaya ilivinunua vyombo hivyo kwa miaka mingi bila kujua vimetengenezwa na nini. Padre Mfaransa aliyeishi Jingdezhen, mji wa kauri wa China, d'Entrecolles, aliandika barua mbili ndefu, ya 1712 na ya 1722, akieleza kazi inavyofanywa kule. Lakini kujua jina la udongo ni jambo moja, na kuwa nao ni jingine. Wajerumani wa Saxony waliupata wa kwao mapema, na kiwanda cha Meissen kikafunguliwa 1710. Wafaransa hawakupata wao hadi 1768. Kwa hiyo karibu kauri yote ya Kifaransa iliyofanywa kabla ya hapo, kwa takriban karne nzima, ni hila tupu. Hila nzuri mno, lakini hila.

Umezitaja zile za ukutani kwetu. Zilizopangwa kwenye zidaka, na mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo, yalifika pwani kwa vyombo vya matanga muda mrefu kabla Versailles haijawa kasri la wafalme wa Ufaransa. Hata jina tumelichota kisima kimoja na hao Wazungu. Waitaliano waliziita porcellana, jina la kauri yule wa baharini, kwa weupe wake na mng'aro wake. Nasi tukaziita kauri. Kwa hiyo, kama unadhani Wafaransa ndio waliobuni tamaa ya sahani nyeupe, hapana. Tamaa hiyo bibi zetu walikuwa nayo zamani. Kitu cha Wafaransa ni namna walivyohangaika.

Sasa sikiliza hila yenyewe. Walichukua mchanga safi wa Fontainebleau, shura, chumvi, shabu, magadi na jasi. Ukiisoma orodha hiyo utadhani umeingia duka la dawa za kienyeji. Waliviyeyusha vyote pamoja vikawa donge la kioo cheupe, wakalivunja, wakalisaga kwa maji siku nyingi hadi likawa kama uji, kisha wakalichanganya na chaki na udongo kidogo wenye chokaa. Kwa hesabu, sehemu kubwa ya kikombe hicho ni kioo kilichosagwa, na udongo umetiwa wa kushikia tu. Mafundi wanaiita kauri laini, na ile ya Kichina na ya Meissen kauri ngumu. Ulaini huo hausemi kwamba inabonyea. Maana yake inaiva kwa moto mdogo zaidi, na kisu cha chuma kinaweza kuikwaruza uso.

Shida ya kwanza ni kwamba kioo cha kusaga hakifinyangiki. Muulize mfinyanzi yeyote: udongo mzuri unanata, unatii kidole, unanyanyuka na gurudumu. Huu ulikuwa ukikatika kama ugali wa mhogo uliopoa. Ikabidi watie sabuni nyeusi na gundi ili ushikane angalau kwa muda wa kupewa umbo. Vyombo vingi vilikandamizwa ndani ya kalibu za plasta, vikikauka vinachongwa upya kwa mashine ya kukereza, kama fundi seremala anavyokereza mguu wa kitanda, mpaka vipate wembamba unaotakiwa.

Shida ya pili ni tanuri. Kauri ngumu ina mifupa, kwa hiyo moto ukizidi kidogo inavumilia. Kauri laini haina. Moto ukipungua kidogo, chombo kinabaki chaki. Ukizidi kidogo, kinalala ubavu kama mshumaa juani. Baina ya kupungua na kuzidi kuna nafasi ndogo sana, na pima-joto haikuwepo. Fundi aliangalia rangi ya moto kwa tundu na kuamua kwa uzoefu. Kikishavuka moto wa kwanza kinapakwa utando wa kioo chenye risasi, kinarudi motoni. Kisha rangi ya bluu ya mwili mzima, kinarudi. Kisha mchoraji anachora ndege na maua, kinarudi, pengine mara mbili au tatu, maana kila rangi ina moto wake. Mwisho dhahabu, kinarudi tena. Kikombe cha bibi huyo, kama ni cha kweli, kimeingia tanurini mara tano au zaidi, na kila mara kingeweza kutoka na ufa, lengelenge au doa. Vilivyotupwa vilikuwa vingi. Anayenunua kimoja alikuwa analipia na vile vilivyokufa njiani.

Lakini ulizo lako ni zito zaidi ya hapo, maana kazi ngumu peke yake haifanyi kitu kuwa ghali. Mkeka wa ukili wa rangi ni kazi ngumu vilevile.

Tuanzie fedha. Meza ya bwana mkubwa wa Ufaransa katika karne ya 17 ilikuwa ya fedha tupu: sahani za fedha, mabakuli ya fedha, vinara vya fedha. Kisha vita vikamfilisi mfalme Louis wa 14. Mwaka 1689 aliyeyusha samani zake za fedha, na 1709, njaa na vita vikiwa vimebana, vyombo vya mezani vya fedha vikapelekwa kuyeyushwa pia, wakubwa wakimfuata mfalme. Watu wa heshima wakajikuta wanakula kwenye fayansi, yaani udongo wa kawaida uliopakwa utando mweupe wenye bati. Huwezi kujionyesha na fayansi kama ulivyojionyesha na fedha, maana kila mwenye duka anaweza kuinunua. Pakawa na pengo mezani. Kinahitajika kitu cha kuvutia macho, ambacho serikali haitakuja kukiyeyusha. Nadhani hiyo ndiyo sababu ambayo vitabu vya picha nzuri huipitia haraka: fedha ni akiba, ukifilisika unaiuza kwa uzito. Sahani ya kauri haina uzito wa kuuzwa. Ikivunjika imekwisha. Kuwa nayo ni kusema kwamba huna haja ya akiba.

Waliojaribu wa kwanza walikuwa watu wa fayansi. Huko Rouen, Louis Poterat alipewa hati ya mfalme 1673 ya kutengeneza kauri, lakini alifanya kidogo sana. Saint-Cloud, karibu na Paris, familia ya Chicaneau ilifika mbali zaidi. Daktari Mwingereza, Martin Lister, alikitembelea kiwanda hicho 1698 akastaajabia ubora wake, na akaambiwa majaribio yalichukua kama robo karne. Walipata hati yao 1702. Kazi ya Saint-Cloud mimi naipenda kuliko hata ya Sèvres, kiwanda cha mfalme nitakachokieleza mbele, na wenzangu hunicheka kwa hilo. Weupe wake una umanjano wa mbali, kama samli iliyoganda, na chombo ni kizito kidogo mkononi.

Hivi ninavyokuandikia kuna kisahani cha aina hiyo mezani kwangu, nimeletewa nitengeneze ukingo wake uliobanduka. Katikati kina pete iliyoinuka, kama ukuta mdogo wa duara, na kikombe hukaa ndani ya pete hiyo kisiteleze. Wafaransa huita kikombe cha mtetemeko. Hebu fikiria mtu amelala kitandani asubuhi, nywele hazijafungwa, anapelekewa chokoleti ya moto, mkono unatetemeka kwa uzee au kwa usingizi. Pete inakizuia kikombe. Ukipitisha kidole chini ya ukingo unasikia mikunjo midogo ya udongo ambayo fundi hakuilainisha. Nilipokiinua kwenye taa mwanga ulipita wa rangi ya asali. Kile cha Kichina mwanga wake hupita ukiwa baridi, wa kibuluu.

Baada ya Saint-Cloud wakubwa wa nchi nao wakataka viwanda vyao. Chantilly kilianzishwa kama 1730 chini ya ulinzi wa Louis-Henri, mkuu wa nyumba ya Condé, aliyekuwa na shehena ya kauri za Kijapani na akataka mafundi waziige. Mennecy kilikuwa chini ya bwana wa Villeroy. Angalia mtindo huo: kila kimoja kina bwana mkubwa nyuma yake. Kilikuwa kama kufuga farasi wa mbio. Bwana anatia pesa, hapati faida, anapata jina.

Halafu 1740 ndugu wawili wa ukoo wa Dubois waliofanya kazi Chantilly wakaenda na siri zao hadi Vincennes, mashariki ya Paris, wakapewa nafasi ndani ya ngome kuukuu ya mfalme. Walishindwa, wakafukuzwa. Aliyeiweka sawa kanuni ya udongo ni mwenzao, François Gravant. Mwaka 1745 kampuni ikapata hati ya miaka 20. Mwanzoni sehemu kubwa ya mauzo yake haikuwa sahani wala vikombe. Yalikuwa maua: waridi, tulipu, mayungiyungi, yamefinyangwa petali moja moja na wanawake chini ya mkono wa mke wa Gravant, yakatiwa vikonyo vya waya. Binti wa mtawala wa Saxony, aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa, alimpelekea baba yake shada la maua hayo, zaidi ya 400 kwenye chombo kimoja. Baba huyo, kumbuka, ndiye mwenye Meissen. Kumpelekea kauri ni kama kumpelekea mtu wa Pemba karafuu. Ujumbe ulifika.

Hapo mfalme Louis wa 15 akaingia na miguu yote miwili, na nyuma yake Madame de Pompadour, kipenzi chake, aliyekuwa na jicho kali na mkono usioogopa kutumia. Mkemia Jean Hellot aliwekwa kusimamia rangi, Jean-Jacques Bachelier akasimamia wachoraji, na sonara Jean-Claude Duplessis akabuni maumbo. Mwaka 1753 kiwanda kikapewa jina la kiwanda cha kifalme na ruhusa ya kuandika hizo herufi mbili za L unazoziona. Mwaka 1756 kikahamia Sèvres, njiani kati ya Paris na Versailles, na si mbali na nyumba ya Pompadour ya Bellevue. Mwaka 1759 mfalme akakinunua chote, kwa sababu wenye hisa walikuwa wamechoka kula hasara.

Mwaka ule ule wa 1753 Hellot alitoa rangi ya shaba inayokaribia feruzi, wakaiita bluu ya mbingu. Mfalme aliagiza seti nzima ya mezani ya rangi hiyo, ikakabidhiwa kwa awamu kati ya 1753 na 1755. Kabla ya hapo kauri ya Kifaransa ilikuwa zaidi ya chai, chokoleti na matunda ya mwisho wa mlo, na chakula cha moto kilibaki kwenye fedha. Seti hii ilikuwa na mabakuli makubwa ya supu pia. Bwana wa Croÿ, aliyeacha kumbukumbu za maisha ya kasri, anasimulia kwamba mwaka 1754 mfalme aliwaalika wageni wake wa karibu wamsaidie kuifungua masandukuni ilipotoka Paris, ambako ilikuwa imewekwa watu waione. Nipe dakika nikuonyeshe picha hiyo. Mtu mwenye jeshi na wanamaji, mwenye watumishi wasiohesabika, amepiga magoti penye masanduku akitoa sahani kwenye majani makavu, na wakubwa wa nchi wamemzunguka wakipokea. Siku ile anayekabidhiwa sahani ajue yuko ndani. Asiyeitwa ajue yuko nje.

Mfalme akaligeuza hilo kuwa desturi. Kila mwisho wa mwaka kazi mpya za Sèvres zilipangwa vyumbani mwake Versailles na kuuzwa. Wewe ni mtu wa kasri, una kesi yako, una mwanao unayemtafutia cheo, mfalme anapita anaangalia nani kanunua. Utaacha? Wenye maduka wakubwa wa Paris, kama Lazare Duvaux, walihudumia waliobaki. Na ili pasiwe na mshindani, amri zilivikataza viwanda vingine kutia dhahabu. Mwaka 1766 zikalegezwa kidogo, vingine vikaruhusiwa kuchora kwa bluu au rangi moja, lakini dhahabu ilibaki ya mfalme. Kwa hiyo dhahabu kwenye ukingo wa kikombe hicho ilikuwa pambo na ilikuwa pia muhuri: kuwa nayo kihalali kulimaanisha kitu kimetoka nyumbani kwa mfalme. Siri ya kuitia, kwa taarifa yako, waliinunua 1748 kutoka kwa mtawa mmoja, Ndugu Hippolyte. Inatoka tanurini imefifia kama vumbi la njia, kisha mabingwa wa kusugua, wengi wao wanawake, wanaisugua kwa jiwe la akiki hadi iamke, na mahali pengine wanachora juu yake majani kwa ncha ya msumari. Mwombe bibi ruhusa uangalie dhahabu hiyo kwa kioo cha kukuzia. Utaiona mikwaruzo midogo iliyopangwa.

Wafanyakazi wenyewe walifungwa mle kama siri. Hakuna kuondoka kwenda kwingine bila ruhusa, na mtoro angeweza kuishia jela. Kiwanda kilichozaliwa kwa siri ya kutoroshwa kilikuwa na kila sababu ya kuogopa watoro.

Bei? Kibarua wa Paris alipata kama livre moja, pesa ya Ufaransa ya enzi hizo, kwa siku. Malkia Catherine wa Urusi aliagiza seti 1776, ya watu 60, ikafika kwake 1779 ikiwa na zaidi ya vipande 700, kwa zaidi ya livre 300,000. Louis wa 16 alijiagizia yake 1783, iliyopangwa kutengenezwa kidogo kidogo kwa miaka 20 hivi, na kila sahani ilikuwa livre 480. Piga hesabu: sahani moja ni zaidi ya mwaka mzima wa jasho la kibarua, na sahani hiyo ikianguka imeanguka. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1793, seti haijafika hata nusu. Sehemu kubwa ya iliyokamilika iko kasri la Windsor, ilinunuliwa na George wa 4 kabla hajawa mfalme wa Uingereza. Aliyelipia hakupata kuimaliza, na mtoto wa adui yake ndiye aliyeila.

Turudi kwenye udongo, maana hapo ndipo hadithi inapogeuka. Huko Saint-Yrieix, kusini mwa Limoges, mke wa tabibu aitwaye Darnet alikuwa na udongo mweupe sana, wa utelezi, aliodhani utamfaa badala ya sabuni ya kufulia. Mumewe akampelekea mfamasia wa Bordeaux, Villaris, naye akautambua: kaolini. Ilikuwa 1768. Mkemia wa Sèvres, Macquer, aliufanyia majaribio na mwaka uliofuata vyombo vya kauri ngumu vikawekwa mbele ya mfalme. Kwa hiyo kile walichokitafuta kwa karne moja mama mmoja alikuwa tayari kukimwaga na maji ya kufulia. Sifa ya kauri za Limoges unayoisikia hadi leo imeanzia kwenye shimo hilo.

Ungedhani basi kauri laini ilikufa siku hiyo. Wapi! Seti ya Catherine, miaka kumi baadaye, ilifanywa kwa kauri laini kwa makusudi, kwa sababu ile feruzi haikukubali kukaa vizuri juu ya kauri ngumu. Ya Louis wa 16 hali kadhalika. Kwenye kauri ngumu rangi hukaa juu ya utando kama wanja juu ya ngozi. Kwenye kauri laini utando wenye risasi hulainika tanurini na rangi inazama ndani yake, kingo zinayeyuka kidogo, ndege aliyechorwa anaonekana yuko chini ya maji. Kosa la udongo liligeuka kuwa uzuri usioigika. Kauri laini iliachwa Sèvres baada ya 1800 tu, chini ya Alexandre Brongniart, mtu wa sayansi aliyechoka na kazi inayokula hasara. Na tangu ilipoachwa ndipo bei yake ilipopaa kweli.

Hiyo ndiyo sababu ya gari, dada yangu. Sasa kabati la bibi.

Herufi mbili za L ni miongoni mwa alama zilizoghushiwa sana duniani, kwa hiyo zisikutishe wala zisikufurahishe. Katikati ya hizo L tafuta herufi nyingine ndogo. Hiyo ni ya mwaka: A inaanza 1753, zinakwenda kwa mfuatano, na zilipokwisha zikaanza mbili mbili, AA ikiwa 1778. Hapo ndipo waongo wanapokamatwa. Rangi ya waridi ya mwili mzima haikuwepo hadi 1757 hivi. Ukikuta kikombe cha waridi chenye herufi A, kicheke. Ukikuta kijani kikali cha krome, jua ni baada ya 1800, maana madini yenyewe yaligunduliwa 1797. Ukikuta herufi ya miaka ya 1750 kwenye kauri ngumu, ni ya kuigwa, pengine ya karakana ya Samson ya Paris, iliyotengeneza nakala nzuri kuanzia katikati ya karne ya 19.

Utaijuaje laini na ngumu bila kuikwaruza? Angalia sehemu ya chini, kwenye ukingo unaokanyaga meza, ambapo hapana utando. Ngumu ni kavu, kijivu kidogo, kama meno ya mtoto. Laini ina ujoto, imeshiba, na mara nyingi ina vidoa vyeusi vya kuungua. Sahani nyingi za Sèvres za kauri laini zina kitundu kwenye ukingo wa chini, pale zilipotungikwa tanurini. Uso wa sahani ukiupandisha kwenye mwanga wa pembeni utaona alama za visu, nyembamba kama nywele, zinazopishana: watu walizilia kweli, na kisu kiliuma. Sahani ya feruzi inayodai miaka 250 isiyo na mkwaruzo hata mmoja, mimi huishuku.

Kuna na aina ya tatu inayotuumiza kichwa, nusu kweli. Brongniart aliuza akiba ya vyombo vyeupe vya zamani visivyochorwa. Wachoraji wa Paris na wa Uingereza walivinunua, wakavipaka feruzi na dhahabu, wakaviuza kama vya enzi za Pompadour. Udongo ni wa kweli, uchoraji ni uongo. Kwa hivyo, wewe na mimi tusitoe hukumu. Kama bibi anataka kujua, avipeleke kwa mthamini aliyesomea kauri za karne ya 18, si kwa mwenye duka la vitu vya kale anayetaka kuvinunua.

Kazi yako wewe ni kuviosha bila kulia, na hapo nina la kukwambia kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilinyanyua bakuli la sukari kwa kikonyo cha kifuniko, ua dogo zuri lililofunguka. Ua likabaki mkononi, kifuniko kikaenda sakafuni. Lilikuwa limegundishwa zamani na mtu asiyesema. Mwenye mali hakunipigia kelele, na nadhani ingekuwa nafuu angepiga. Kwa hiyo usishike mkono wa kikombe wala kikonyo cha kifuniko. Shika mwili, kwa viganja viwili, na pete uvue. Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki, si kwenye sinki la chuma, weka maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni, chombo kimoja kwa mara. Dhahabu uiguse kwa pamba laini, usiisugue. Jiki, siki na sifongo gumu viweke mbali kabisa, na mashine ya kuoshea vyombo usiitaje hata kwa mzaha. Ukiona mstari wa kahawia kama uzi, huo ni ufa uliokunywa chai ya watu wengi. Chombo hicho usikiloweke, kifute tu kwa kitambaa chenye unyevu, na umwambie bibi leo hii, mbele ya kabati, kabla hajauona yeye akadhani ni wako.